Tuandike Majina ya Wafadhili kwa Usahihi



Stakabadhi na barua za shukrani tunazotuma Ujerumani, Sweden na Denmark hubeba majina yenye herufi zisizoonekana kwenye kibodi zetu. Wengi huziandika bila alama zake, na Müller akawa Muller. Hili si suala la urembo. Kwa Kijerumani, Mutter ni mama mmoja, Mütter ni akina mama. Kwa Kiswidi, å, ä na ö ni herufi kamili zinazofuata baada ya z. Mhasibu wa Sweden humtafuta Åberg mwishoni mwa orodha. Stakabadhi iliyoandikwa Aberg inaweza kumfanya adhani ni mtu mwingine, na mchango ukaonekana haujafika.

Hatua za kufuata (kompyuta za Windows):

1. Hakikisha Num Lock imewashwa.
2. Shikilia kitufe cha Alt kilicho kushoto.
3. Ukiwa bado umekishikilia, andika namba kwa vitufe vya namba vya upande wa kulia, si vya mstari wa juu.
4. Achia Alt. Herufi itatokea.

Namba zenyewe:

ä 0228, Ä 0196
ö 0246, Ö 0214
ü 0252, Ü 0220
å 0229, Å 0197
ø 0248, Ø 0216
ß 0223, é 0233, € 0128

Usiache sifuri ya mwanzo: 252 bila sifuri huleta alama nyingine kabisa.

Kama kompyuta yenu ni ndogo na haina vitufe hivyo, fungueni Word, andikeni 00FC, kisha bonyezeni Alt na X kwa pamoja, mtapata ü. Njia nyingine ni kunakili jina kutoka barua pepe ya mfadhili mwenyewe.

Ikishindikana, Wajerumani wenyewe huandika ae, oe, ue na ss badala ya ä, ö, ü na ß. Lakini tusikisie. Goethe huandikwa kwa oe siku zote. Kanuni ni moja: fuata jinsi mwenye jina anavyoliandika.

Zoezi: Andikeni Malmö, Tromsø, Nürnberg na Gießen. Kisha katibu apitie orodha ya wafadhili wa usharika, jina kwa jina, kabla ya kutuma taarifa ijayo.