Mawe ya Mwanza na Udongo Wetu



Afikaye Mwanza, kando ya Ziwa Viktoria, hustaajabu kuona mawe makubwa kama nyumba yamepandana juu ya vilima, na mengine yamesimama majini, kama lile liitwalo Jiwe la Bismarck. Huuliza, ni nani aliyeyapanga? Hakuna aliyeyapanga. Mawe yamebaki pale pale. Udongo ndio uliohama.

Jiwe lile ni itale. Lilikuwa uji wa moto chini ya ardhi, likapoa polepole na kuwa gumu, zaidi ya miaka milioni 2,500 iliyopita. Ardhi iliyolifunika ikaliwa kidogo kidogo, na jiwe lilipopunguziwa uzito likafanya nyufa. Maji ya mvua yakaingia. Itale, pamoja na ugumu wake, haliwezi kushindana na maji: baadhi ya chembe zake hugeuka udongo wa mfinyanzi, nyingine hubaki mchanga. Pembe huliwa upesi kuliko ubavu, ndiyo sababu mawe mengi ni ya mviringo. Kisha mvua zikauchukua ule udongo laini mpaka mabondeni na ziwani, na moyo mgumu wa jiwe ukabaki wazi.

Basi maji yana kazi mbili: hulifanya jiwe kuwa udongo, kisha huuchukua udongo huo. Kazi ya kwanza ni ya maelfu ya miaka. Ya pili, mahali palipo wazi, yaweza kuwa ya mvua moja.

Sisi wa visiwani hatuna mawe yale, lakini maji ni yale yale. Vilima vya Pemba vina miteremko mikali, na mikarafuu yetu mingi imesimama juu yake. Shamba likikwanguliwa lote kabla ya masika, udongo wa juu wenye rutuba huteremka bondeni, na mizizi hubaki nje. Uonapo maji ya mto yamegeuka rangi ya udongo baada ya mvua, jua kwamba shamba la mtu linapita.

Kwa hiyo twawaomba: penye mteremko majani yafyekwe, yasing'olewe, yaliyofyekwa yaachwe chini ya mikarafuu, matuta yakatize mteremko, yasiufuate, na penye pengo upandwe mche mapema.

Chovya chovya humaliza buyu la asali. Mawe ya Mwanza yanapendeza kutazama, lakini karafuu hazichumwi juu ya jiwe.