Kwa nini Trotsky alishindwa?

Leo tunasoma habari za Urusi. Mwaka 1917 wafanyakazi, askari na wakulima wa nchi ile walifanya mapinduzi. Kiongozi wao mkuu alikuwa Lenin. Aliyemfuata kwa sifa alikuwa Leon Trotsky. Yeye ndiye aliyeunda Jeshi Jekundu lililoshinda vita vya wenyewe kwa wenyewe. Lenin alifariki tarehe 21 Januari 1924. Wengi walidhani Trotsky atashika nafasi yake. Lakini aliyeishika ni Stalin. Kwa nini?

1. Stalin alishika ofisi

Aprili 1922 Stalin alipewa kazi ya Katibu Mkuu wa Chama. Kazi hii ilionekana ya makaratasi tu: kutunza majina na kuwapangia watu kazi. Kumbe nguvu ilikuwa humo humo! Ofisi yake iliwapanga makatibu wa mikoa. Makatibu walisimamia kuchaguliwa kwa wajumbe wa Mkutano Mkuu. Na wajumbe ndio waliopiga kura. Basi Trotsky alipopanda jukwaani, wengi waliokaa mbele yake walikuwa watu wa Stalin. Hata aseme vizuri namna gani, kura zilikuwa zimekwisha pangwa.

2. Trotsky hakuwa na wenzake

Trotsky aliingia katika Chama mwaka 1917 tu. Kabla ya hapo aligombana na Lenin kwa miaka mingi. Wazee wa Chama walimwona mgeni, tena mwenye majivuno. Waliogopa pia kwamba mwenye jeshi ataichukua nchi kwa nguvu. Kwa hiyo Zinoviev na Kamenev waliungana na Stalin kumzuia. Mwaka 1926 wakageuka wakaungana na Trotsky, lakini walikuwa wamechelewa.

3. Alinyamaza wakati wa kusema

Lenin alipokuwa mgonjwa alisema maneno yake, yakaandikwa barua. Januari 1923 aliongeza kwamba Stalin ni mkali mno, aondolewe katika ukatibu. Barua hiyo ilisomwa kwa wajumbe Mei 1924. Zinoviev na Kamenev walimtetea Stalin. Trotsky akakaa kimya. Stalin akabaki na kazi yake, na wanachama wa kawaida hawakuonyeshwa barua.

4. Alifungwa na sheria aliyoikubali

Mwaka 1921 Chama kilipiga marufuku makundi ndani yake. Trotsky naye alikubali. Baadaye kila alipotoa malalamiko, aliambiwa: wewe unafanya kundi! Hakuwa na jibu.

5. Watu walikuwa wamechoka

Tangu mwaka 1914 Warusi walikuwa wameona vita, njaa na maradhi. Trotsky alisema mapinduzi yao hayatakuwa salama mpaka yaenee nchi nyingine. Stalin alisema wanaweza kujenga ujamaa katika nchi yao peke yake. Neno hili lilipendeza zaidi masikioni mwa watu waliotaka kupumzika.

Mwisho wake

Novemba 1927 Trotsky alifukuzwa katika Chama. Mwaka 1929 alifukuzwa nchini. Agosti 1940 aliuawa huko Mexico na mtu aliyetumwa na serikali ya Stalin. Zinoviev na Kamenev walipigwa risasi mwaka 1936.

Lakini wakulima waliumia kuliko viongozi. Kuanzia mwisho wa mwaka 1929 walilazimishwa kuingia mashamba ya pamoja, na nafaka yao ikachukuliwa. Njaa ya mwaka 1932 na 1933 iliua mamilioni ya watu. Katika Chama hakukuwa tena na mtu wa kumzuia Stalin.

Hatusemi kwamba Trotsky angekuwa mpole. Yeye naye alitumia mkono mzito wakati wa vita. Tunasema hivi: anayepanga majina ya wapiga kura ana nguvu kuliko msemaji hodari. Tusiangalie jukwaa tu. Tuangalie na daftari.

Tuzungumze

1. Kwa nini kazi ya Katibu Mkuu ilikuwa na nguvu?
2. Trotsky angeweza kufanya nini Mei 1924?
3. Katika chama chetu cha ushirika, nani anatunza daftari la wanachama? Je, tunaweza kulisoma?