Mgeni Asiyepiga Hodi: Namna ya Kumkabili Mtu wa Kutiliwa Shaka Ofisini Chuoni

Alikuja siku ya Jumatano, saa saba mchana, wakati wenye ofisi wengi wako kantini na korido imebaki kimya. Shati jeupe limepigwa pasi, kanda ya bluu shingoni, kitambulisho kimegeukia kifuani. Alikaa kwenye benchi nje ya ofisi za wahadhiri. Nilipopita mara ya kwanza alinisalimia yeye: "Habari za kazi, dada?" Nikajibu, "Salama tu." Nilipopita mara ya pili akaniambia bila kuulizwa, "Namsubiri Dokta."

Katika jengo letu karibu kila mlango una Dokta. Sikumuuliza ni Dokta yupi. Niliporudi kutoka kula, benchi lilikuwa tupu na mlango uliokuwa umerudishiwa tu ulikuwa wazi. Kompyuta mpakato mbili hazikuwepo, na flashi yenye rasimu ya mtihani nayo ilikuwa imekwenda. Mtihani ule ukatungwa upya kwa mbio, usiku na mchana, na wanafunzi wakaambiwa wasubiri.

Miezi michache baadaye tukakosea kwa upande wa pili. Mzee mmoja aliyevaa koti lililochakaa, ameshika mfuko wa plastiki, alikuwa akisoma majina milangoni, mlango mmoja hadi mwingine. Mtu akanong'ona "huyo simwelewi", vijana wawili wakamshika mikono, kofia yake ikaanguka ikakanyagwa. Ndani ya mfuko mlikuwa na fomu ya binti yake aliyekuwa mgonjwa na asingeweza kuja kuahirisha masomo mwenyewe. Mzee wa watu alikuwa amesafiri usiku kucha kwa basi.

Siku zote mbili tuliangalia nguo. Aliyependeza tulimwamini, aliyechakaa tukamkamata, na hakuna hata mmoja wao aliyeulizwa swali kwa heshima. Tangu hapo nimeshika kanuni moja ambayo ningependa kila ofisi ya chuo iishike: kila mgeni aulizwe, aulizwe mapema, na aulizwe kwa upole. Yanayofuata ni namna ya kuifanyia kazi.

Jua kwa nini chuo kinawavutia

Benki ina mlango mmoja na mlinzi. Chuo kina milango mia, na kazi yake ni kupokea watu. Pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, daladala zinaingia hadi ndani ya eneo la chuo, na Chuo Kikuu cha Nairobi kimekaa katikati ya jiji. Wazazi, wauza vitabu, mafundi, waombaji wa kazi na wahitimu wanaofuata vyeti wanapita kutwa nzima. Sura ngeni kwetu si ajabu, na hapo ndipo mwizi anapojificha.

Anachokitafuta si kompyuta peke yake. Anatafuta mitihani kabla haijafanyika, vitabu vya majibu kabla havijasahihishwa, na kompyuta iliyoachwa wazi kwenye mfumo wa matokeo. Anatafuta pia mhuri na karatasi zenye nembo, kwa sababu kwa vitu hivyo viwili mtu anaweza kutengeneza barua ya kumtapeli mzazi. Ukishajua hivyo, utajua droo ipi ya kufungia.

Angalia matendo, si mavazi

Mtu aliyepotea husoma vibao, huuliza, na hufurahi akipata msaada. Mwenye lake jambo hukwepa msaada. Dalili za kuzitilia maanani ni hizi:

- Anajaribu vitasa vya milango bila kupiga hodi.
- Anafungua mlango, anakukuta, halafu anasema haraka "samahani, nimekosea, natafuta choo", na baada ya dakika chache unamwona kwenye mlango mwingine.
- Anakufuata kwa nyuma unapofungua mlango wa funguo au wa kadi.
- Maelezo yake yanabadilika: kwako alisema anamtafuta mhadhiri, kwa mwenzako amesema ni fundi.
- Anauliza yasiyohusu shida yake: ofisi hii inafungwa saa ngapi, mnakula wapi, mwenye funguo ni nani.
- Anabeba mali ya ofisi kuelekea nje na hana karatasi.

Kabila, lafudhi, viatu, ndevu au baibui havimo katika orodha hii. Anayevitumia kama dalili atamdhalilisha asiye na kosa, na mwizi mwenye tai atapita mbele yake akisalimiwa.

Anza na salamu

Lugha yetu imetupa njia nzuri kabisa ya kumhoji mtu bila kumvunjia heshima, nayo ni kumkaribisha. Ukimkuta mtu mzima, mpe shikamoo yake. Akiwa rika lako au kijana, habari za saa hizi zinatosha. Kisha endelea:

"Karibu sana. Nikusaidie nini?"

"Namsubiri Dokta."

"Dokta yupi, kaka? Tuna wengi hapa."

"Yule… wa uhasibu."

"Uhasibu wako jengo lingine. Mna miadi? Hebu nimpigie simu nimwambie umefika."

Mgeni wa kweli atakushukuru. Mwenye hila atakumbuka ghafla kwamba ana shughuli mahali pengine, na ukimwacha aende umeshalinda ofisi bila ugomvi wowote. Wengi wa watu hawa wanaishi kwa kutoulizwa. Mtu akishaangaliwa usoni na kuulizwa jina la anayemtafuta, anajua amekumbukwa.

Mambo matatu uyashike unapouliza. Kwanza, simama umbali wa hatua mbili au tatu, na usizibe mlango: mtu aliyekosa njia ya kutoka ni hatari kuliko mwenye nayo. Pili, usimtajie jibu. Ukisema "unamtafuta Dokta wa chumba cha kumi?", umempa uongo wa kusema. Mwache ataje mwenyewe. Tatu, ukimpeleka anakokwenda, mfikishe hadi kwa mwenyeji wake. Usimwelekeze kwa kidole halafu ukarudi kukaa.

Kama uko peke yako, hasa jioni au mwishoni mwa wiki, na moyo wako umekataa, usimfuate. Kaa karibu na mlango wako, ufunge ikibidi, na upige simu. Hakuna mwajiri anayestahili uhai wako kwa sababu ya projekta.

"Nimetumwa na TEHAMA"

Hila hii inafanikiwa sana. Mtu anakuja na bisibisi na begi, anataja kitengo cha TEHAMA au kampuni ya mashine za kunakilia, na anasema kompyuta hii inatakiwa kwenda kutengenezwa. Yuko kwenye haraka, na anamtaja mkubwa wako kwa jina.

Jibu ni moja: mali haitoki bila karatasi. Mwombe hati ya kazi na kibali cha kutolea mali getini, kisha upige simu mwenyewe katika kitengo hicho. Tumia namba iliyoko kwenye orodha ya chuo, usitumie anayokupa yeye, kwa sababu namba yake itapokelewa na mwenzake. Akikasirika, mwambie kwa utulivu: "Ndugu yangu, kwangu huu ni utaratibu, hata mkuu wa idara naye ningemuuliza." Fundi halali amezoea maneno hayo.

Piga simu mapema, na useme maneno manne

Watu huchelewa kuita ulinzi kwa kuogopa aibu ya kuambiwa wameita bure. Kuitwa bure mara kumi ni nafuu kwa mlinzi kuliko kuitwa mara moja akiwa amechelewa. Namba ya kituo cha ulinzi cha chuo iwe kwenye simu yako na iandikwe kwa herufi kubwa kando ya simu ya mezani. Kwa polisi, Tanzania ni 112. Kenya ni 999 au 112.

Ukipokelewa, sema mambo manne kwa mpangilio: uko wapi (jengo, ghorofa, chumba), umeona nini, mtu huyo yukoje, na anaelekea wapi. "Jengo la pili, ghorofa ya kwanza, kuna mtu anajaribu vitasa vya ofisi. Mwanamume, shati jeupe, begi jeusi mgongoni. Anashuka ngazi za nyuma." Sekunde kumi na tano zinatosha, na mlinzi anajua asimame wapi.

Kubaliana pia na wenzako neno la siri. Ukimpigia mwenzako na kumwambia "niletee lile faili la kijani", naye anajua hakuna faili la kijani, ataelewa kwamba una mtu usiyemwamini mbele yako na ataita ulinzi.

Usipige kelele za "mwizi!"

Hapa naomba unisikilize kwa makini. Katika miji yetu neno hilo linaua. Sote tumesoma habari zinazoishia kwa "wananchi wenye hasira kali", na chuo chenye maelfu ya vijana kinaweza kugeuka kundi la namna hiyo kwa dakika moja. Fikiria kama siku ile ya mzee mwenye fomu ya binti yake kuna mtu angepaza sauti. Hata kama angekuwa mwizi kweli, hakuna kompyuta inayolipwa kwa roho ya mtu.

Sheria za Tanzania na za Kenya zinamruhusu raia kumkamata mtu katika mazingira fulani, na zinamtaka amkabidhi polisi bila kuchelewa. Haziruhusu kumpiga, kumvua nguo, wala kumpiga picha ya kumtangaza. Mwachie mlinzi kazi ya kukamata. Vijana wakianza kukusanyika, kazi yako inageuka kuwa kumlinda mtu huyo: mwingizeni ndani, fungeni mlango, na waambieni polisi waharakishe.

Mambo yakiwa mabaya

Mtu akitoa kisu au akianza vurugu, mpe anachotaka na umpishe. Ongea polepole, mikono ionekane, rudi nyuma kuelekea njia ya kutokea.

Silaha za moto ni jambo jingine. Alfajiri ya tarehe 2 Aprili 2015 magaidi wa al-Shabaab walivamia Chuo Kikuu cha Garissa nchini Kenya. Watu 148 waliuawa, wengi wao wakiwa wanafunzi. Walinzi wa getini walikuwa miongoni mwa wa kwanza kushambuliwa. Waliookoka wapo waliokimbia gizani, na wapo waliojificha. Msichana mmoja alikutwa hai siku mbili baadaye ndani ya kabati. Ukisikia risasi, usiende kuangalia. Kimbia kama njia iko wazi, na uache begi. Kama haiko, ingia chumba kinachofungika, sukuma meza mlangoni, zima taa, nyamazisha simu, na ukae mbali na mlango. Ukiwa salama, ndipo upige simu.

Mazoezi ya kujiokoa yafanyike, lakini yatangazwe kwanza. Mwishoni mwa mwaka huohuo chuo kimoja cha Nairobi kilifanya zoezi la shambulio ambalo wengi walidhani ni la kweli. Watu waliruka kutoka ghorofani, na mfanyakazi mmoja akapoteza maisha. Zoezi lisilotangazwa ni hatari yenyewe.

Baada ya tukio

Kaa chini uandike kabla ya kusimulia, kwa sababu masimulizi ya wengine yatachanganyika na yako. Andika saa, mahali, sura, mavazi, maneno aliyoyasema. Usiguse kitasa wala droo aliyoishika. Toa taarifa ulinzi na polisi, na upate namba ya RB, yaani ya taarifa iliyoandikishwa polisi; bila hiyo, chuo na bima havitakusikiliza. Omba picha za kamera siku hiyohiyo, kwa kuwa mitambo mingi hufuta rekodi za zamani ili kupisha mpya. Badilisha nywila zote za kompyuta iliyoibwa, na kama kulikuwa na mtihani ndani, mwambie mkuu wa idara wakati huohuo, hata kama ni aibu.

Picha ya mtuhumiwa ipeleke kwa walinzi, usiirushe kwenye makundi ya WhatsApp. Ukikosea mtu, huwezi kuirudisha.

Mlinde mlinzi wako

Funga ofisi hata unapokwenda kunawa mikono. Funga skrini ya kompyuta unapoinuka. Mhuri ulale kwenye droo yenye ufunguo. Daftari la wageni liwe na jina, anayemtembelea, saa ya kuingia na ya kutoka. Ondoa tofali linaloshikilia mlango wa nyuma.

Lakini kufuli zote hizo zitavunjwa na sentensi moja tuliyoizoea: "Hunijui mimi ni nani?" Profesa anayemfokea mlinzi getini kwa kumwomba kitambulisho amemfundisha kijana yule jambo ambalo hatalisahau: asimuulize mtu anayeonekana mkubwa. Na mwizi wa Jumatano ile alionekana mkubwa.

Kwa hiyo ukiulizwa, toa kitambulisho na useme asante. Wasalimie walinzi na wafanya usafi kwa majina yao, kwa sababu wao ndio wanaozijua sura za jengo lile kuliko sisi tulio nyuma ya milango. Siku hizi benchi la korido yetu lipo palepale, na kila anayekaa pale hupata karibu yake ndani ya dakika moja. Mzee mwenye koti lililochakaa angehudumiwa mapema kuliko wote. Mwenye shati jeupe angelazimika kutaja jina la Dokta wake.