Mlango Mbovu, Dirisha Bovu: Kukarabati au Kuweka Kipya?

Mvua za Machi zinapokaribia, wakazi wengi wa Isiolo hutazama mlango usiofunga au dirisha lenye kutu na kujiuliza swali moja: fundi aje kutengeneza, au king'olewe chote na kuwekwa kipya? Swali hilo huonekana dogo, lakini jibu lake hugusa mfuko, usalama na afya ya familia nzima. Anayetupa fremu ambayo ingetengenezeka huenda akatumia karo ya muhula bila sababu. Anayepaka rangi juu ya mbao iliyokwisha kuliwa na mchwa naye anajidanganya, kwa maana mwizi hasukumi rangi, anasukuma mbao.

Somo hili linaeleza namna ya kukagua milango na madirisha, makosa yanayotengenezeka, yale yasiyotengenezeka, na hesabu ya kupiga kabla ya kumlipa fundi hata shilingi moja.

Hali ya hewa na uharibifu wake

Mji wa Isiolo uko kaskazini kidogo ya ikweta. Kwa sehemu kubwa ya mwaka jua ni kali, upepo ni mwingi na vumbi haliishi. Mvua hunyesha kati ya Machi na Mei, kisha kati ya Oktoba na Desemba. Kila kipindi huumiza nyumba kwa njia yake.

Wakati wa kiangazi mbao hukauka na kusinyaa. Nyufa hutokea, viungo hulegea na rangi hubanduka upande unaopigwa na jua la alasiri. Mvua ikija, mbao hiyohiyo hunywa maji na kufura, na mlango huanza kukwama. Chuma nacho hutanuka kwa joto: mlango unaofunga vizuri alfajiri huenda ukakwama saa saba mchana. Vumbi huingia kwenye bawaba na vitasa, likachanganyika na mafuta na kuwa kama msasa.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza ni kutoamua kwa haraka. Mlango wa mbao unaokwama Novemba huenda ukafunga bila taabu Januari. Fundi akiupiga randa ukiwa umefura, kiangazi kikifika utaacha mwanya wa kupitisha vumbi, nge na nyoka. Ni afadhali kusubiri mbao ikauke, kisha ipunguzwe kidogo pale panapogusa tu.

Kanuni hiyo inawahusu hasa walio karibu na mto na malaga. Mwishoni mwa 2023, mvua kubwa zilipoleta mafuriko, maeneo ya Merti na Garbatulla yalikuwa miongoni mwa yaliyoathirika. Mlango uliokaa ndani ya maji hauhukumiwi siku maji yanapopungua. Uoshwe matope, utolewe kwenye bawaba, ulazwe kivulini juu ya vipande vya mbao ili hewa ipite pande zote, na usubiri wiki kadhaa. Ukianikwa juani hupinda. Mbao nzima nyingi hurudi katika umbo lake. Milango myepesi iliyotengenezwa kwa mbao nyembamba za kubandikwa kwa gundi kwa kawaida hairudi, kwa sababu gundi huachia.

Majaribio matano ya kukagua

Ukaguzi huu hauhitaji vifaa vya bei. Unaweza kufanywa na mtu yeyote mzima wa nyumbani kwa muda wa saa moja.

1. *Jaribio la bisibisi.* Ncha ya bisibisi isukumwe kwenye mbao, hasa chini ya fremu karibu na sakafu, kwenye pembe na chini ya dirisha. Mbao nzima hukataa. Mbao iliyooza au kuliwa na mchwa huzama kama mkate. Ni muhimu kupima kina na urefu wa sehemu iliyoharibika.

2. *Jaribio la nyundo.* Chuma chenye kutu kigongwe polepole, kisha kisuguliwe kwa brashi ya waya. Kutu ya juu hutoka kama unga na chuma kinachobaki ni kigumu. Kutu iliyokula hutoka kwa magamba na kuacha matundu.

3. *Jaribio la kamba.* Kamba ivutwe kutoka pembe ya juu kushoto hadi ya chini kulia, kisha kwenye pembe nyingine mbili. Urefu ukiwa sawa, fremu imenyooka. Ukitofautiana sana, fremu imepinda au ukuta umesogea.

4. *Jaribio la karatasi.* Kipande cha karatasi kiwekwe kwenye mlango, ufungwe, kisha kivutwe. Kikitoka bila kushikwa, hapo pana mwanya. Jaribio lirudiwe pande zote nne.

5. *Jaribio la tochi.* Usiku, mtu mmoja amulike kutoka nje na mwingine atazame kutoka ndani taa ikiwa imezimwa. Kila mahali mwanga unapopenya, vumbi na mbu hupenya pia.

Matokeo yaandikwe kwenye daftari, mlango kwa mlango, dirisha kwa dirisha. Nyumba nyingi hugundulika kuwa na tatizo mahali pawili au patatu tu, wala si kila mahali.

Makosa yanayotengenezeka

Mengi ya makosa ya kila siku ni ya vitu vidogo. Mlango unaoburura sakafuni mara nyingi una bawaba iliyolegea. Skrubu ndefu zaidi, au kipande cha mbao kilichopakwa gundi na kupigiliwa ndani ya tundu lililopanuka, humaliza kazi. Kitasa kibovu hubadilishwa peke yake. Kioo kilichovunjika hukatwa kingine, na puti iliyokauka na kupasuka hutolewa ikawekwa mpya.

Kutu ya juu kwenye dirisha la chuma huondolewa kwa brashi ya waya hadi chuma king'ae, kisha hupakwa rangi ya kuzuia kutu siku hiyohiyo, na rangi ya mwisho baada ya ile ya kwanza kukauka. Kupaka rangi juu ya kutu ni kuifunika blanketi. Huendelea kula chini kwa chini.

Mbao iliyooza kwenye ncha tu hukatwa hadi kwenye mbao nzima, kikaungwa kipande kipya kilichotiwa dawa ya mchwa. Mlango wa mabati uliopigiliwa kwenye fremu ya mbao, kama ilivyo katika nyumba nyingi za udongo, huweza kubadilishiwa fremu na mabati yaleyale yakatumika tena.

Tahadhari moja inahusu watoto. Rangi za zamani huenda zikawa na madini ya risasi, ambayo hudhuru ubongo wa mtoto hata kwa kiasi kidogo. Rangi ya aina hiyo isikwanguliwe kavu. Iloweshwe maji kwanza, watoto na mama wajawazito wakae mbali, na vumbi likusanywe kwa kitambaa chenye maji, lisifagiliwe.

Makosa yanayodai kipya

Kuna hali ambazo ukarabati ni kupoteza pesa. Ya kwanza ni fremu ya mbao iliyoliwa na mchwa zaidi ya theluthi ya urefu wake, au pale bawaba na kitasa vinaposhikilia. Ya pili ni fremu ya chuma iliyotoboka kwa kutu katika pembe zaidi ya moja. Ya tatu ni mlango uliopinda kiasi kwamba ukigusa juu, chini unabaki wazi. Ya nne ni kifaa kilichokwisha kukarabatiwa mara mbili au tatu kwa kosa lilelile.

Hata hivyo, jaribio la kamba likionyesha kwamba ukuta ndio uliosogea, mlango mpya hautasaidia. Palipo na udongo mweusi, ambao hutanuka ukilowa na kupasuka ukikauka, nyufa huanzia pembe za madirisha na kupanda kwa mshazari. Pesa za kwanza ziende kwenye msingi, kwenye njia ya maji kuzunguka nyumba na kwenye linta. Vivyo hivyo kwa mchwa: kichuguu kisipotafutwa na udongo kutiwa dawa, fremu mpya ni chakula kipya.

Hesabu ya kuamua

Bei ya leo peke yake hudanganya. Kinachofaa ni kugawanya gharama kwa idadi ya miaka ambayo kazi itadumu. Namba zifuatazo ni za mfano tu. Bei halisi iulizwe kwa fundi.

Tuseme ukarabati wa mlango ni shilingi 3,000 na fundi anakadiria utadumu miaka 6. Hiyo ni shilingi 500 kwa mwaka. Mlango mpya ni shilingi 14,000 na utadumu miaka 20, yaani shilingi 700 kwa mwaka. Hapo ukarabati umeshinda. Lakini ikiwa mbao imeoza na ukarabati utadumu miaka 2 tu, gharama ni shilingi 1,500 kwa mwaka, na mlango mpya ndio wa bei nafuu.

Kipimo kingine cha haraka: ukarabati ukizidi nusu ya bei ya kipya, mwenye nyumba asimame na kufikiri upya. Na pesa zikiwa chache, mpangilio uwe huu: kwanza mlango wa nje, pili madirisha ya vyumba vya kulala, tatu upande unaopigwa na mvua, na mwisho yale yenye kasoro ya sura tu.

Grili, moto, hewa na mbu

Ukarabati ni nafasi ya kurekebisha jambo ambalo limegharimu maisha katika nyumba nyingi: grili isiyofunguka. Moto ukizuka karibu na mlango, dirisha lenye vyuma vilivyochomelewa moja kwa moja hugeuka kuwa jela. Kila chumba cha kulala kinahitaji angalau grili moja yenye bawaba, na ufunguo wake utundikwe ndani, mahali ambapo hata mtoto anapajua lakini mkono wa mtu wa nje haufiki. Fundi wa kuchomelea anaweza kukata grili ya zamani na kuitia bawaba bila kununua nyingine.

Kuhusu hewa, kipimo kinachotumiwa na mafundi wengi ni dirisha lisilopungua sehemu moja ya kumi ya sakafu. Chumba cha mita 3 kwa 3 kina mita 9 za mraba, kwa hiyo kinahitaji dirisha la karibu mita 1.2 kwa 0.75. Anayepikia ndani kwa kuni au makaa asizibe kila mwanya kwa ajili ya vumbi, kwa maana moshi na hewa ya sumu ya makaa huua.

Wavu wa mbu kwenye fremu nyepesi inayotolewa ni kazi ndogo yenye faida kubwa, hasa baada ya mvua. Na joto likiwa ndilo lalamiko kuu, dirisha jipya huenda si jibu. Kivuli cha mabati juu ya dirisha la magharibi, mti, au rangi nyeupe kwenye mlango wa chuma hupunguza joto kwa gharama ndogo zaidi.

Kununua na kuelewana na fundi

Anayeamua kuweka mlango mpya wa chuma aulize geji. Kadiri namba inavyokuwa ndogo ndivyo chuma kinavyokuwa kinene: geji 16 ni takriban milimita 1.6, na geji 18 ni takriban milimita 1.2. Milango miwili iliyopakwa rangi inafanana machoni lakini haifanani mbele ya mtaimbo. Kwa mbao, inunuliwe iliyokauka. Mbao mbichi kutoka nyanda za juu ikiletwa kwenye joto la Isiolo hupinda ndani ya wiki chache.

Vipimo vichukuliwe mara mbili, juu, katikati na chini. Bei ziulizwe kwa mafundi watatu, wote wakipewa orodha ileile. Makubaliano yaandikwe: kazi yenyewe, vifaa na geji, siku ya kumaliza, na malipo kwa awamu, sehemu ya mwisho ikibaki hadi mlango ufungwe na kufunguliwa mbele ya mwenyewe. Vioo, bawaba na vyuma vya zamani ni mali ya mwenye nyumba. Vinaweza kutumika tena au kuuzwa.

Mpangaji asianze kazi kabla ya kupata kibali cha mwenye nyumba kwa maandishi, na apige picha kabla na baada. Anayetaka kupanua tundu la ukuta, si kubadilisha fremu tu, apitie kwanza ofisi ya mipango ya ardhi ya kaunti, kwa kuwa kukata ukuta kunaweza kudhoofisha jengo.

Maswali ya kujipima

1. Je, majaribio matano yamefanywa, na matokeo yameandikwa?
2. Tatizo liko kwenye mlango, au kwenye ukuta, mchwa na maji?
3. Ukarabati utagharimu shilingi ngapi kwa mwaka, na kipya shilingi ngapi?
4. Moto ukizuka usiku wa leo, kila anayelala nyumbani anajua atakapotokea?

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Tone la mafuta kwenye bawaba, puti mpya na rangi kabla ya mvua za Machi na za Oktoba huzuia gharama nyingi zilizotajwa hapa. Lakini swali la nne halisubiri mvua. Kama jibu lake ni hapana, fundi wa grili aitwe kabla ya fundi mwingine yeyote.