Maswali na Majibu: Kuchagua Kinasa Data cha Kupimia Mizunguko Uwanjani

Kinasa data ni kifaa cha namna gani, na kinazidi saa ya mkononi kwa lipi?

Kinasa data ni kifaa kidogo kinachofungwa ndani ya gari ili kirekodi mahali gari lilipo na mwendo wake mara kadhaa katika kila sekunde, kisha kikokotoe muda wa mzunguko, yaani muda ambao gari hutumia tangu livuke mstari wa kuanzia hadi livuke tena mstari huohuo. Saa ya mkononi humjulisha dereva kwamba mzunguko wa sita ulikuwa wa polepole kuliko wa tano, lakini haimwambii alichelewa wapi. Na kwa dereva wa ridhaa, asiye na mhandisi wa kumchambulia mambo, jibu la swali hilo la pili ndilo lenye thamani. Kwa hiyo anayechagua kifaa aanze kwa kuuliza kama kitamwonyesha kwa urahisi, dakika chache baada ya kutoka uwanjani, ni kona ipi iliyomla muda, kwa kuwa vifaa vingi vya leo humudu kutoa muda wa mzunguko wenyewe.

Je, kupima muda kunaruhusiwa?

Jambo hili lithibitishwe kabla ya kununua chochote. Nchini Uingereza, katika siku ambazo wenye magari ya kawaida hulipa ada na kuendesha katika uwanja kama Brands Hatch bila kushindana, waandaaji wengi hukataza kupima muda, kwa sababu kufanya hivyo hulikaribisha tendo hilo kwenye mashindano na huathiri masharti ya bima. Katika njia ya Nordschleife ya Nürburgring, Ujerumani, yenye urefu wa kilomita 20.832, marufuku hiyo ipo pia katika vipindi ambavyo umma huruhusiwa kuingia. Dereva amuulize mwandaaji waziwazi na asome bima yake mwenyewe, kwani kifaa kilichonunuliwa kwa siku isiyokiruhusu ni fedha iliyopotea.

GPS hupimaje mzunguko, na kwa nini idadi ya vipimo kwa sekunde husisitizwa sana?

Zamani vifaa vya namna hii vilihitaji taa maalumu ya miali isiyoonekana iliyosimamishwa kando ya njia, na katika viwanja vya magari madogo ya mashindano yaitwayo kart bado hutumika ukanda wa sumaku uliofukiwa chini ya lami. Mfumo wa GPS uliwafaa raia zaidi kuanzia tarehe 2 Mei 2000, Marekani ilipoacha kuyavuruga kwa makusudi mawimbi yanayotumiwa na umma, na leo vipokezi vingi husoma pia setilaiti za Galileo za Ulaya na GLONASS za Urusi.

Gari linalokwenda kilomita 144 kwa saa hupita mita 40 katika kila sekunde moja. Kipokezi kinachopima mara 1 kwa sekunde, kama ilivyo kawaida ndani ya simu, huacha pengo la mita 40 kati ya alama moja na nyingine, hivyo sehemu nzima ya kufunga breki inaweza kuangukia kati ya alama mbili. Kinachopima mara 10 hupunguza pengo hilo hadi mita 4, na cha mara 25 hadi mita 1.6. Kwa kuwa gari huvuka mstari kati ya alama mbili, kifaa hukadiria kwa hesabu wakati halisi wa kuvuka, na makadirio hayo huwa mazuri zaidi pale alama zinapokaribiana. Kipimo cha mara 10 kwa sekunde kinamtosha anayeanza. Kupanda hadi 25 ni faida ya kweli, ingawa haishindi faida ya kuondoka kwenye 1.

Ipo nukta ambayo wauzaji huipita haraka. GPS hukosea mahali kwa mita kadhaa, lakini kosa hilo hubadilika polepole, kwa hiyo mizunguko inayofuatana huwa na makosa yanayokaribia kufanana, nayo hufutana kwa sehemu kubwa. Kosa linalosalia huwa dogo kadiri mstari wa kuanzia unavyowekwa pahali penye mwendo mkali. Kosa la mita 1 kwenye mwendo wa mita 40 kwa sekunde ni sekunde 0.025, ilhali kosa hilohilo kwenye kona kali inayopitwa kwa mita 15 kwa sekunde ni takriban sekunde 0.067. Pale Brands Hatch, basi, mstari ukae kwenye njia iliyonyooka mbele ya jukwaa, wala usiwekwe katika kona ya Druids.

Je, simu peke yake haitoshi?

Programu kama RaceChrono na Harry's LapTimer ni nzuri kweli, na huchora grafu ambazo zamani zilikuwa za timu za kulipwa. Udhaifu uko kwenye kipokezi cha simu na kwenye joto, maana simu iliyobandikwa kwenye kioo juani huweza kujizima katikati ya kipindi. Njia yenye busara ni kuiacha simu iwe skrini na kuinunulia kipokezi cha nje, kama RaceBox Mini inayopima mara 25 kwa sekunde na kutuma data kwa Bluetooth.

Asiyetaka simu kabisa huchagua kifaa kinachojitegemea. AiM Solo 2 ya Italia hupima mara 10 kwa sekunde na huonyesha muda kwenye skrini yake, na VBOX Sport ya Uingereza hupima mara 20. Garmin Catalyst nayo humpa dereva ushauri kwa sauti.

Kuna haja ya kuunganisha kifaa na kompyuta ya gari?

Kwa anayeanza, hapana. Tundu la uchunguzi la OBD-II, lililo lazima kwa magari ya Marekani tangu modeli za 1996, hutoa taarifa kama mizunguko ya injini na kiasi cha kukanyaga mafuta, lakini hufanya hivyo kwa kuulizwa na kujibu, hivyo kadiri taarifa zinazoombwa zinavyoongezeka ndivyo kila moja inavyochelewa kufika. Mwendo uliopimwa na GPS hueleza mengi bila waya wowote.

Kifungwe wapi?

Kifungwe kwa uthabiti, mahali ambapo antena inaona anga. Vioo vya mbele vyenye nyuzi za chuma za kuyeyushia barafu, au vyenye utando wa chuma wa kuzuia joto, hudhoofisha mawimbi, na katika magari hayo antena ya nje inayokaa juu ya paa haiepukiki.

Data isomwe vipi baada ya kipindi?

Aanze na grafu mbili tu: mwendo dhidi ya umbali, na tofauti ya muda dhidi ya umbali. Hii ya pili hulinganisha mzunguko mmoja na ule bora wa dereva huyohuyo, mita kwa mita, na mstari wake unapopanda ndipo muda unapopotea. Tuseme mstari huo unapanda kuanzia Druids, kona kali iliyo juu ya mlima, na unaendelea kupanda katika mteremko unaofuata. Kwenye grafu ya mwendo itaonekana mara nyingi kwamba dereva alichelewa kufunga breki, akaingia na mwendo mwingi, kisha akalazimika kusubiri kabla ya kukanyaga mafuta, na kilomita chache kwa saa alizokosa pale zikamfuata hadi kona inayofuata. Anayetazama kilele cha mwendo kabla ya breki atajisifu kwa kosa hilohilo, ndiyo sababu mwendo wa chini kabisa ndani ya kona na pahali unapoanza kupanda tena vitazamwe kwanza.

Muda bora wa kinadharia, unaopatikana kwa kujumlisha vipande bora vya mizunguko tofauti, utumiwe kwa tahadhari, kwa kuwa kipande cha haraka mara nyingi hulipiwa katika kipande kinachofuata, na huenda jumla hiyo isipatikane kamwe katika mzunguko mmoja.