Meli Zinazosikiliza Bahari

Mwanafunzi wa fizikia anafahamu kwamba mawimbi ya redio, yavukayo mabara kwa urahisi, hufifia upesi yaingiapo katika maji ya chumvi. Nuru nayo haifiki mbali. Kinachosafiri vyema baharini ni sauti. Mwendo wake majini ni kama mita 1,500 kwa sekunde, zaidi ya mara nne ya mwendo wake hewani, na sauti nzito, yaani zile zenye mitikisiko michache, huweza kusikika umbali wa mamia ya kilometa. Kwa hiyo atakaye kuitambua nyambizi iliyojificha vilindini hana budi kutega sikio.

Jeshi la Majini la Marekani liliunda meli za pekee kwa kazi hiyo. Ya kwanza, Stalwart, ilianza kutumika mwaka 1984, wakati nyambizi za Kisovieti zilipokuwa zikiwindwa kila bahari. Meli hizo hazikuundwa kwa kupigana. Kila moja hukokota waya wenye urefu wa zaidi ya kilometa moja, ambao sehemu yake ya nyuma imepangwa haidrofoni nyingi, yaani vinasa-sauti vya majini. Waya huwa mrefu ili sikio liwe mbali na kelele za mitambo na rafadha ya meli yenyewe. Lakini iko sababu nyingine, nayo ndiyo yenye fizikia zaidi.

Sauti ya hezi 50 ina urefu wa wimbi wa mita 30 (1,500 ÷ 50). Sikio moja dogo haliwezi kujua wimbi kubwa namna hiyo latoka upande gani. Ichukuliwe basi kwamba haidrofoni mbili zimetengana mita 300, na sauti inaifikia ya pili ikiwa imechelewa sekunde 0.1. Katika muda huo sauti husafiri mita 150. Kosaini ya pembe iliyo kati ya waya na mwelekeo wa sauti ni 150/300, yaani 0.5, pembe ni digrii 60. Je, ni digrii 60 za kulia au za kushoto? Hesabu haisemi, kwa kuwa haidrofoni zilizo kwenye mstari mmoja hupata jibu lile lile kwa pande zote mbili. Nahodha huigeuza meli, vipimo vikachukuliwa tena, na jibu la uongo likajitenga.

Meli ikokotapo huenda kilometa tano au sita tu kwa saa, mwendo wa mtu kwa miguu, na meli ya kawaida iendayo polepole hivyo huyumbishwa mno na mawimbi. Ndiyo sababu Impeccable, iliyoanza kazi mwaka 2001, ina matumbo mawili yaliyozama chini ya maji.

Matumbo mawili hayakuifanya iende mbio. Tarehe 8 Machi 2009 vyombo vitano vya China viliizingira, kilometa 120 hivi kusini mwa kisiwa cha Hainan. Mabaharia wa chombo kimoja walijaribu kuunasa waya wake kwa upondo. Wale wa Impeccable, wasio na mizinga, walijibu kwa maji ya mipira ya kuzimia moto. China ilidai kwamba meli ilifanya kazi bila idhini katika eneo lake la uchumi. Marekani ilidai kwamba bahari hiyo ni huru kwa wasafiri wote.

Mkataba wa Sheria ya Bahari wa 1982 huipa nchi ya pwani mamlaka juu ya mali asili na utafiti wa sayansi hadi maili 200 za baharini, wazo ambalo Kenya ilikuwa miongoni mwa nchi za mwanzo kulipendekeza, mwaka 1972. Kama kusikiliza nyambizi ni utafiti au ni safari tu, mkataba hausemi wazi, na mataifa hayo mawili yangali yakibishana.