Dubu, Mama Mjamzito na Sukari ya Damu

Mama wa Unyambwa akijifungua mtoto wa kilo 4 na nusu, majirani humpongeza kwa kupata mtoto mwenye afya. Hata hivyo, uzito huo waweza kuwa ishara ya kisukari cha mimba. Ili tuelewe chanzo chake, na tumtazame mnyama asiyepatikana katika mapori ya Tanzania: dubu.

Katika nchi za kaskazini, dubu jike hupandwa kati ya Mei na Julai. Kiinitete hakijishikizi mara moja katika mji wa mimba, bali husubiri hadi Novemba hivi. Hapo homoni ya projesteroni huongezeka, kiinitete hujishikiza, na watoto huzaliwa baada ya miezi 2 hivi, mama akiwa pangoni katika usingizi wa majira ya baridi. Kwa miezi kadhaa hali wala hanywi. Mwili wake hupunguza kuiitikia insulini, ukatumia mafuta badala ya sukari. Baridi ikiisha, insulini hurejea kufanya kazi kama awali, naye hapati kisukari.

Mwanamke naye hupitia badiliko linalofanana na hilo. Kuanzia katikati ya mimba, homoni za kondo la nyuma hupunguza nguvu ya insulini, ili sukari ya kutosha imfikie mtoto. Kongosho hufidia kwa kutoa insulini zaidi. Lisipoweza, sukari hupanda. Mara nyingi mama hahisi lolote. Kipimo ndicho hufichua, hasa kati ya wiki ya 24 na ya 28. Kwa vigezo vya Shirika la Afya Duniani, sukari ya milimoli 5.1 kwa lita kabla ya kula yatosha kuthibitisha kisukari cha mimba.

Kondo likishatoka, sukari hushuka, na mama hudhani yamekwisha. Hapa ndipo tunapoachana na dubu: kongosho lililoelemewa mara moja laweza kuelemewa tena, na kisukari cha kudumu kikaja baadaye.

Mtoa huduma, andika jambo hili kwenye kadi, umpime mama tena kati ya wiki ya 6 na ya 12 baada ya kujifungua. Nawe mama, nyonyesha, tembea, punguza sukari katika uji wa uwele, na upimwe angalau kila baada ya miaka 3, hata ukijiona mzima.